Minazi ya Kigombe

Saa moja na nusu asubuhi uwanja wa Wilson, Nairobi, ulikuwa na foleni kama ya daladala za Ngamiani, kwetu Tanga. Mbele walikaa wa miraa, waendao Somalia, maana mzigo ule haulazwi, ukilala umeharibika. Nyuma yao ndege za misaada ziendazo Lokichoggio kupeleka chakula kusini mwa Sudan, kisha za watalii wa Maasai Mara. Ndege ya wagonjwa ya AMREF ikiitwa, wote waliipisha. Mwisho kabisa tulikuwa sisi wanafunzi, ndani ya Cessna 150 za viti viwili, injini zikinguruma pale pale. Mita ya malipo ilianza kuhesabu injini ilipowaka, haikungoja magurudumu yaache ardhi. Iligeuka tarakimu moja kila dakika 6. Kila ilipogeuka nilisema moyoni: robo ya mnazi.

Hesabu hiyo ilikuwa ya Mama. Shamba letu la Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, lilikuwa na minazi 140, na kwetu shamba la minazi huuzwa kwa kuhesabu miti. Mnunuzi alipita na Baba mti kwa mti, kijana wao nyuma akitia alama ya chokaa. Fedha tulizopata zilitosha saa 60 za kuruka. Mama, ambaye kalamu aliishika kwa kutia sahihi tu, aligawanya kichwani kabla yangu: minazi miwili na kipande kwa kila saa. Siku naondoka, Januari 1999, alinisindikiza stendi. Alinipa kikapu cha mikate ya mofa, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, ukiwa huko angani usizembee. Jua kwamba uko juu ya mnazi."

Bibi yangu wa Pangani hakulielewa jambo lenyewe. Neno rubani yeye alilijua kwa maana ya zamani: mtu anayeifuata meli ngeni nje ya bandari na kuiingiza ndani, kwa kuwa yeye ndiye anayejua miamba ilipo. Akaniuliza ni bandari gani itakayonichukua. Baba alipomweleza kwamba ni rubani wa ndege, alikaa kimya akifikiri, kisha akasema, "Basi na hewa nayo ina miamba yake." Nimesoma vitabu vingi vya urubani tangu siku ile, na sijaona aliyelieleza jambo hili kwa ufupi zaidi.

Baba hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa fundi wa East African Airways tangu 1964, kwenye karakana ya Embakasi. Aligusa Dakota, Fokker Friendship, na Super VC10 iliyobeba injini zote nne mkiani, ndege aliyoisema kama watu wasemavyo kuhusu mke wa ujana. Mapema mwaka 1977 shirika likafa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika mwaka huo huo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Baba alirudi Tanga na sanduku la vifaa na bahasha ya kaki yenye karatasi za mafao yake. Wazee wa iliyokuwa Jumuiya walikusanyika Dar es Salaam miaka mingi kudai haki yao, na yeye alikwenda kila alipopata nauli. Bahasha aliilalia chini ya godoro. Lakini sikumsikia hata siku moja akizisema ndege vibaya. Ikipita ndege juu ya Tanga usiku alitoka uani, akasikiliza, akataja ni ya aina gani. Nilijifunza kusikiliza injini kabla sijajua kusoma.

Ni yeye aliyenitafutia pa kulala Nairobi. Alikuwa na rafiki Mnubi wa Kibera, mtaa wa Makina, aliyefanya naye kazi Embakasi. Mpaka ulipofungwa walipotezana; ulipofunguliwa mwaka 1983 yule mzee akaandika barua ya kwanza, na barua hazikukatika tena. Nilimfikia baada ya siku moja na usiku mzima wa safari: Horohoro, Lungalunga, kivuko cha Likoni, kisha basi la usiku kutoka Mombasa. Alifungua mlango, akanitazama usoni kwa muda, akasema, "Wewe ni yeye mwenyewe." Akanipa chumba cha nyuma, na kodi akaitoza nusu. Mkewe niliambiwa nimwite Mama, nikamwita Mama hadi alipofariki.

Kutoka Makina hadi Wilson nilikwenda kwa miguu karibu saa nzima, alfajiri, baada ya swala. Niliipita Kibera ikiamka, moshi wa mkaa ukitambaa chini kwa baridi, watu kwa mamia wakienda kazini Eneo la Viwandani kwa miguu, tumenyamaza sote. Mimi mtu wa pwani sikuwahi kujua baridi ya aina ile. Baba na wakongwe wenzake uwanja ule waliuita Nairobi West, jina la kabla ya 1962. Ndipo ulipopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha shirika lake la ndege Nairobi mwaka 1929. Nilipendezwa na habari hiyo nilipoisikia. Mahali palipojaa wanaume wenye miwani ya jua palibeba jina la mama mmoja aliyethubutu.

Jambo la kwanza nililofundishwa pale lilikuwa urefu wa mahali. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyembamba, na injini ndogo isiyo na kisukuma hewa hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Maana yake, kabla hujaacha ardhi umekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu, na mchana jua likiwaka, hasara huzidi. Mwalimu wangu alikuwa mzee aliyerusha ndege kaskazini mwa Kenya nusu ya maisha yake. Alinionyesha ukuta wa mwisho wa uwanja na mabati ya watu ng'ambo yake, akasema, "Kijana, hapa ndege haikuambii uongo. Ukiilazimisha kupanda itakataa. Ingoje mpaka itake yenyewe." Nilizaliwa usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nzito na ya bure. Pale hata hewa ilikuwa na bei.

Eneo letu la mazoezi lilikuwa kusini, ng'ambo ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Tulipita juu ya twiga na nyati, Vilima vya Ngong upande wa kulia, mabomba ya viwanda vya saruji vya Athi River upande wa kushoto, na mbele nyika inayoshuka kuelekea Magadi. Huko tulijifunza kuua mwendo wa ndege makusudi. Unapunguza moto, unainua pua, mwendo unakufa taratibu, king'ora cha bawani kinaanza kulia kama mtu apigaye mbinja kwa mbali, kisha bawa linaachia hewa na ndege inadondoka. Dawa yake ni kushusha pua na kuongeza moto, mara moja, bila kufikiri. Tulirudia mara ishirini, mara thelathini, mpaka mkono ukajua wenyewe. Mwili wote husema vuta, upande; elimu inasema sukuma, ushuke. Sijui kazi nyingine inayomtaka mtu akatae woga wake kwa kiasi hicho na kwa haraka hiyo.

Mwezi Juni, nikiwa na saa 17, mwalimu aliniambia nisimame kando ya njia. Akafungua mlango wake, akafunga mkanda wa kiti alichokiacha ili usichezecheze, akasema, "Mzunguko mmoja. Halafu unichukue hapa." Akaenda zake kwenye nyasi bila kugeuka nyuma.

Kile kiti kitupu nakikumbuka kuliko uwanja wenyewe. Ndege isiyo na mtu wa pili ni nyepesi, ikaruka kabla sijaitarajia, na nikajikuta juu ya mbuga, Nairobi yote iko kushoto kwangu na hakuna mtu yeyote wa kunisaidia. Sikuogopa. Nilisoma kwa sauti orodha ya ukaguzi kana kwamba mwalimu yupo, na nikaisikia sauti yangu ni ya Baba. Nilitua vizuri. Wenzangu walinimwagia ndoo ya maji ya baridi kama ilivyo desturi, wakaimba, na mzee yule akanipa mkono na kuniita rubani kwa mara ya kwanza. Mita ilionyesha 0.2. Nilikwenda kwenye simu ya kadi, nikapiga duka la jirani yetu Tanga, wakamkimbilia Mama. Nikamwambia, "Mama, leo nimeruka peke yangu, nimetumia nusu ya mnazi." Upande wa pili nikasikia vigelegele vya duka zima.

Minazi iliisha Septemba. Leseni ya biashara ilihitaji saa 200, na mimi nilikuwa na 60. Mjomba wangu aliye Muscat alituma fedha za kujikimu mara tatu, kisha mambo yakamgeukia huko na yeye. Nikakaa wiki nane bila kuruka. Nilifagia karakana na kuosha ndege za watu, na kila ndege ya shule iliporuka niliingia stoo nisiione.

Ndipo ikaja barua ya mdogo wangu. Mdogo wangu huyu ananifuata kwa miaka sita. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi. Fedha za ada na sare Mama alizikusanya kwa upatu, zamu kwa zamu, kwa miaka miwili. Barua ilikuwa fupi. Aliandika kwamba amezungumza na Mama, kwamba chuo kipo na kitakuwapo, lakini mimi nikisimama sasa saa 60 zitaoza kama nazi zilizoachwa chini ya mti. Fedha zingefika Ijumaa kwa mkono wa dereva wa basi.

Ningeweza kukataa. Hilo ndilo neno nililobaki nalo tangu siku hiyo, na sitalipamba. Nilikuwa na miaka 23, mtu mzima mwenye akili zake. Nilisoma barua ile mara mbili kwenye benchi nje ya karakana, nikajua sawasawa inaomba nini na ni nani anayelipa. Ijumaa nikaenda kumpokea dereva. Jumatatu nikaruka.

Wanaosimulia urubani husema habari za mwenye kuruka: usingizi aliokosa, sikukuu alizozikosa, deni alilobeba. Yote hayo ni kweli na nimeyapitia. Lakini yeye angalau ana anga. Sehemu nzito ya gharama hubebwa na watu waliobaki chini, ambao hawakuonja hata dakika moja ya kile walichokinunua. Mdogo wangu alikaa Tanga akikaanga vitumbua kabla ya alfajiri na kuviuza penye kituo cha daladala. Katika faida ile alituma kitu kila mwezi, hata kiwe kidogo namna gani, kwa dereva yule yule.

Tarehe 30 Januari 2000, usiku, Airbus A310 ya Kenya Airways ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka kutoka Abidjan. Ilikuwa na watu 179, wakanusurika 10. Asubuhi yake Wilson hapakusikika injini ya mwanafunzi hata mmoja. Tulikaa tumezunguka redio. Marubani wa shirika lile tuliwaona ndio kilele cha njia tuliyokuwa tukiipanda, na wengi wao walianzia palepale, kwenye foleni ile ile. Baadaye uchunguzi ulieleza kwamba king'ora cha bawa kupoteza hewa kililia ndege ilipoacha ardhi, ilhali bawa halikuwa limepoteza kitu. Usiku, juu ya bahari nyeusi, pua ikashushwa. Niliposoma hayo niliiweka karatasi chini. Walifanya kile tulichofunzwa sisi kufanya, na king'ora ndicho kilichowadanganya. Tangu hapo sijawahi kumsikia mtu akiwataja kwa wepesi nikamwachia.

Mama alipiga simu kwa mzee wa Makina. Hakuniambia nirudi. Aliuliza tu, "Ile unayorusha wewe inapita baharini?" Nikasema hapana Mama, ni nyika tupu. Akasema, "Haya, Alhamdulillahi," akakata.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimekosekana, mabwawa ya umeme yakashuka, na Kenya ikaingia kwenye mgao mkali. Nilijisomea hali ya hewa na uongozaji wa ndege kwa taa ya kibatari, Mama wa Kinubi akiniletea chai ya tangawizi na kunikataza kuinamia moto, maana rubani bila macho si kitu. Nilifaulu mitihani yote. Machi 2001 nilipanda basi kurudi nyumbani nikiwa na leseni na saa 204 kwenye logibuku.

Nilidhani nimefika. Hakuna aliyeniambia kwamba leseni ya saa 200 ni kama kibali cha kusimama mlangoni. Makampuni yalitaka saa 500, mengine 1,000, kwa kuwa kampuni za bima zilitaka hivyo. Na saa huzipati bila kazi, na kazi huipati bila saa. Mwezi Septemba wa mwaka huo ndege zikagonga majengo ya New York, watalii wakapungua, na hata milango iliyokuwa wazi kidogo ikafungwa. Kwa miezi 15 nilishinda jengo la zamani la uwanja wa Dar es Salaam, upande wa ndege ndogo. Nilibeba mizigo, nikapima abiria uzito, nikafuta vioo vya ndege, nikilala Temeke kwa binamu. Vijana wengi wenye leseni nzuri waliishia pale. Mmoja wao, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu, sasa anauza vipuri vya magari. Nafasi ilinipata mimi kwa sababu asubuhi moja ya Juni 2002 rubani mmoja aliumwa na mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Sasa niseme na zawadi zake, maana zipo, na atakayezificha atakuwa amedanganya pia.

Delta ya Rufiji saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yamejaa, ndiyo msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, na kutoka futi 2,000 unaona jinsi mto unavyogawanyika vidole, kila kidole kikishika bahari kwa rangi yake. Nimeipita mamia ya mara. Sijazoea. Kisha Mafia, ambako wakati ule njia ya kutulia ilikuwa ya changarawe na watoto wa Kilindoni walijua sauti ya kila ndege. Kutoka Mafia usiku mmoja tulikesha tukingoja pambazuko na mama mzazi aliyekuwa hoi. Kulipopambazuka tu nikamvusha hadi Dar es Salaam kwa muda usiofika nusu saa; kwa jahazi na barabara asingewahi. Yeye na mtoto walipona. Mumewe alinijia wiki mbili baadaye na pweza mkavu amefungwa kwenye gazeti. Na viwanja vya mbugani, Mtemere na vingine, ambako hupita kwanza chini kufukuza ngiri na swala, unazunguka, ndipo unatua, na vumbi linapotulia unazima injini na kimya kinakujia chote kwa pamoja. Kwa kimya kile peke yake ningeuza tena shamba, kama lingekuwa langu peke yangu.

Agosti 2003, msimu wa watalii umepamba moto, nilikuwa na safari sita kwa siku. Baada ya safari ya pili, pale Dar es Salaam, niliona wenzangu wa kaunta hawanitazami. Mmoja alinipa maji bila kuombwa. Nikaendelea: Zanzibar, kurudi, mbugani, kurudi. Nilipozima injini mara ya mwisho saa kumi na moja jioni, mkuu wa marubani alikuwa amesimama kwenye lami ananingoja, kofia mkononi. Baba alifariki alfajiri. Simu ilifika saa tatu asubuhi. Walinificha msiba kwa safari nne, kwa kuwa rubani aliyefiwa hatakiwi kuushika usukani, na hapakuwa na rubani mwingine wa kunipokea.

Kwa sheria ya dini yetu maiti hangoji. Walimzika Tanga baada ya Alasiri, saa ile ile mimi nikiwa juu ya Rufiji na Wajerumani watano, nikiwaonyesha viboko. Nilifika saa sita usiku. Nilikaa kaburini na tochi mpaka mdogo wangu akaja kunichukua. Ndiye aliyemuuguza Baba miezi yote ya ugonjwa wake, yeye na Mama, akimgeuza, akimpa dawa kwa saa, kazi ya muuguzi bila cheti. Aliniambia kwamba jioni ya mwisho ilipita ndege, Baba akainua kidole, akataja aina yake, na akapatia.

Nimewasamehe wenzangu, naamini walifanya lililo sawa kwa wale abiria. Bahasha ya kaki ninayo mimi sasa.

Mwaka 2006, nilipovuka saa 1,500 na kupata leseni ya juu, nilihamia shirika la ndege kubwa zaidi, za marubani wawili, na kwa mara ya kwanza mshahara ukabaki mkononi. Fedha za kwanza zilikuwa ada ya chuo cha uuguzi. Mdogo wangu aliingia darasani akiwa na miaka 24, amepishana na wenziwe kwa miaka sita saba. Hakunishukuru, na alikuwa na haki ya kutonishukuru. Alisema, "Kaka, umechelewa, lakini umekuja."

Mama alipanda ndege yangu mara moja tu, mwaka 2009, Dar es Salaam hadi Tanga kupitia Zanzibar. Nilimkalisha kushoto, dirishani. Tulipoipita Pangani niliomba kibali cha kushuka kidogo, nikaifuata pwani, na Kigombe ikaja chini ya bawa: ngalawa mchangani, barabara nyekundu, mnara wa msikiti, na shamba. Mwenyewe wa sasa amelitunza. Baadaye, chini, nilimuuliza kama ameliona. Akasema, "Nimeliona. Nimeanza kuhesabu, ikafika thelathini na kitu, ikapita." Kisha akaniambia niinue begi lake, jua lilikuwa kali.

Machi 2020 ndege zetu ziliegeshwa. Anga za nchi jirani zilifungwa, mshahara ukakatwa ukabaki kidogo, na mimi kapteni mwenye saa zaidi ya 9,000 nikakaa barazani Tanga nikitazama mbingu isiyo na kitu. Mdogo wangu alikuwa zamu ya usiku hospitalini, anarudi asubuhi amechoka, anavulia viatu nje, anaoga kabla ya kumgusa mtu. Mwisho wa kila mwezi aliacha bahasha juu ya meza ya chakula. Kwa miezi minne nyumba yangu, mke wangu na watoto wangu watatu, ilikula kwa mshahara wa muuguzi.

Logibuku ina safu ya tarehe, ya ndege, ya alikotoka na alikokwenda, ya saa za mchana na za usiku, ya jina la rubani. Kila mstari una jina langu. Saa 60 za mwanzo ni za minazi 140 ya Baba na Mama. Kutoka saa ya sitini na moja na kuendelea, mpaka ya leo asubuhi, ni za mdogo wangu, na yeye hajawahi kupanda ndege. Nimemkatia tiketi ya Ijumaa.